Volkano, burkani na fundi pancha wa Lagos

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa malori hapa Tanga. Mwaka jana nilipelekwa Lagos wiki mbili kwa mafunzo, na karibu kila kona nilikuta banda la kuziba pancha lenye kibao kilichoandikwa VULCANIZER. Niliporudi nikamsimulia binti yangu wa kidato cha pili. Akacheka, akasema hilo ni neno la volkano, na kwamba darasani wamefundishwa volkano ni jina la mungu wa Warumi. Shemeji yangu aliyekulia Muscat akadakia kuwa wao kule husema burkani, neno la Kiarabu, wala halihusiani na Warumi. Bibi yetu alikuwa pembeni anasikiliza. Akasema kama ni jina la sanamu basi tuliache, tutafute lingine. Tusuluhishe: nani yuko sahihi, na mungu wa Warumi alifikaje kwenye pancha?

Jibu:

Marahaba. Binti yako yuko sahihi, ila darasani wameruka hatua moja kubwa. Shemeji yako yuko sahihi kwamba burkani ni neno la Kiarabu, na amekosea kwamba halihusiani na Warumi. Kibao cha Lagos nacho kimo katika ukoo huohuo. Hoja ya bibi nitaiacha mwishoni, kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote.

Mungu mwenyewe aliitwa Vulcanus. Wengi wakisikia hivyo hudhani Warumi walikuwa wakiona mlima unatema moto wanasema "tazama, Vulcanus huyo", na jina likabaki palepale mlimani. Sivyo. Warumi waliishi na milima ya moto karne kwa karne bila kuiita kwa jina hilo. Kati ya mungu na mlima kuna kisiwa kidogo, na mimi nashikilia kuwa bila kisiwa hicho leo tungekuwa na neno lingine kabisa.

Tuanze Roma. Vulcanus hakuwa mungu wa jiko wala wa moto wa kuota. Moto wa nyumbani ulikuwa na mungu wake wa kike, Vesta. Vulcanus alikuwa na moto ule unaounguza mitaa. Sikukuu yake, Vulcanalia, iliangukia tarehe 23 Agosti, katikati ya kiangazi cha Italia, nyasi zimekauka na maghala yamejaa nafaka mpya. Siku hiyo watu walichukua samaki wadogo walio hai kutoka mto Tiber wakawatupa motoni, kama fidia: chukua hawa, tuachie sisi na maghala yetu. Ostia, bandari iliyopokea ngano ya Roma, ilimweka Vulcanus juu ya miungu yake mingine yote, na sababu haihitaji kutafutwa mbali. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, aliandika kwamba hekalu la Vulcanus lijengwe nje ya ukuta wa mji, ili nyumba zisiwe na hofu ya moto. Ni mungu uliyempa heshima kamili, lakini hukumtaka awe jirani.

Habari za mhunzi mwenye mguu mbovu anayefua chuma kwa nyundo ni za Wagiriki, za mungu wao Hephaistos. Warumi waliwaunganisha wawili hao, na tangu hapo Vulcanus akapata nyundo, fuawe na kiwanda chini ya ardhi. Shika hilo la kiwanda chini ya ardhi, tutalirudia.

Kitu kinachonivutia zaidi ni kwamba jina lilianza kushuka daraja palepale Roma, mungu akiwa bado anachinjiwa. Washairi walisema "Vulcanus" wakimaanisha moto tu. Plautus, mwandishi wa tamthilia za kuchekesha aliyefanya kazi karibu mwaka 200 KK, ana mtumwa anayetembea usiku na taa. Taa za wakati huo zilikingwa upepo kwa vipande vyembamba vya pembe. Mtu anamsimamisha na kumuuliza anakwenda wapi, yeye aliyemfungia Vulcanus ndani ya pembe. Wasikilizaji walicheka. Mungu wa kuunguza miji amegeuka utambi wa taa mkononi mwa mtumwa!

Jambo hili si geni kwetu. Kwa Wachaga, Ruwa ni Mungu na ni jua. Kwa Wamaasai, Enkai ni Mungu, na neno hilohilo hutaja mvua na mbingu. Sisemi mambo haya yamepita njia ileile, maana kwa Wamaasai mvua haikushusha hadhi ya Mungu hata kidogo. Nasema tu kwamba mpaka kati ya jina la aliye juu na jina la kitu kinachotoka kwake ni mwembamba katika lugha nyingi, na maneno huuvuka bila kupiga hodi.

Sasa milima. Mwaka 79 BK mlima Vesuvius wa Italia ulilipuka ukafukia miji ya Pompeii na Herculaneum. Plinius Mdogo, aliyekuwa kijana wa miaka kumi na saba ng'ambo ya ghuba, aliandika baadaye barua mbili kwa mwanahistoria Tacitus akieleza alichokiona: wingu lililopanda kama shina la msonobari kisha likatanda matawi, majivu, mawe mepesi, giza la mchana. Ni maelezo makini mno, hata wanasayansi wa leo huuita mlipuko wa aina ile kwa jina lake. Lakini katika barua zile hakuna neno "volkano". Ni mlima tu. Neno la jumla la milima ya namna hiyo halikuwepo. Kulikuwa na Aetna (Etna wa leo, kule Sisilia), kulikuwa na Vesuvius, kila mmoja na jina lake, na mtu akitaka kueleza husema mlima unaowaka.

Hapa niweke onyo dogo, maana binti yako atalikuta mtandaoni. Husimuliwa sana kwamba Vesuvius ulilipuka tarehe 24 Agosti, siku moja tu baada ya Vulcanalia, kana kwamba mungu alikasirishwa na samaki wachache. Tarehe hiyo inatoka katika nakala za barua ya Plinius, na nakala zenyewe hazikubaliani. Mwaka 2018 wachimbaji wa Pompeii walipata maandishi ya mkaa ukutani yenye tarehe inayolingana na 17 Oktoba. Mkaa ukutani haudumu miaka, kwa hiyo wengi sasa wanaona mlipuko ulitokea vuli. Hadithi nzuri imekufa, nami siilili.

Kisiwa, basi. Kaskazini ya Sisilia kuna funguvisiwa liitwalo Lipari. Kimoja cha visiwa hivyo, cha kusini kabisa, kina kasoko, yaani shimo la mlima wa moto, inayofuka moshi na kunuka kiberiti, yale madini ya njano. Wagiriki walikiita Hiera, yaani kitakatifu. Thucydides, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK, anaandika kwamba watu wa huko waliamini Hephaistos anafua chuma chini yake, kwa kuwa usiku walionekana miali ya moto na mchana moshi. Kwa hiyo Warumi walipowaunganisha Vulcanus na Hephaistos, kisiwa nacho kilibadilisha mwenyeji, na kile kiwanda cha chini ya ardhi kikapata anwani. Mshairi wa Kirumi Virgil anakitaja kuwa ni nyumba ya Vulcanus na nchi inayobeba jina lake. Leo ramani za Italia zinakiita Vulcano. Watalii huenda kujipaka tope lake lenye harufu ya mayai viza, wakalipa.

Kwa nini kisiwa hiki, na si Etna mkubwa ulio karibu? Kwanza, Etna ulikuwa na jina lake la kale lililoshika mizizi. Tena Wasisilia waliuongezea jingine, Mongibello: "mon" ni mlima kwa Kilatini, na "gibello" ni jabal ya Kiarabu, yaani jabali letu. Mlima-mlima. Mahali ambapo lugha mbili zimekaa pamoja muda mrefu utakutana na majina ya kujirudia hivi. Sababu ya pili ni bahari. Vulcano na jirani yake Stromboli, unaorusha cheche usiku hata mabaharia wakauita mnara wa taa wa Mediterania, vilikuwa njiani kwa vyombo. Anayeishi chini ya mlima wa moto huuita kwa jina lake, kama unavyomwita jirani yako. Baharia anayepita hahitaji jina la mlima mmoja. Anahitaji neno la kueleza kitu hicho anapofika bandari nyingine: nimeona mlima kama ule wa Vulcano.

Kiswahili kina mfano wa jambo hilihili. Karne ya 19 meli za Marekani zilileta Zanzibar kitambaa cheupe cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, nacho kikaitwa merikani. Baada ya muda mtu aliweza kununua merikani bila kuifikiria Marekani, hata kilipokuja kitambaa cha namna hiyo kutoka kwingine. Jina la mahali limekuwa jina la kitu. Ndivyo Vulcano ilivyokuwa volkano.

Sasa shemeji yako. Waislamu walitawala Sisilia tangu karne ya 9 hadi ya 11, na waandishi wa jiografia wa Kiarabu walipoeleza milima ya moto ya pande zile walitumia neno burkan. Kiarabu hakina sauti ya "v", na jirani yake wa karibu mdomoni ni "b". "L" na "r" hubadilishana nafasi katika lugha nyingi, hilo wewe wa Tanga huhitaji kufundishwa. Vulcan ikawa burkan. Mtu anaweza kudhani linatoka katika mzizi wa baraka, lakini hakuna uhusiano. Likishaingia, Kiarabu kililitia adabu za nyumbani: wingi wake ni barakin, kama neno lolote la asili. Neno likishapewa wingi wa kienyeji limeshakuwa raia, na mjukuu hawezi kujua babu alitoka wapi. Kwa hiyo shemeji asione haya. Analiita la Kiarabu kwa haki, kama sisi tunavyoiita meza yetu ya Kiswahili ingawa ilikuja na Wareno.

Hatua iliyofuata ndiyo kubwa. Mwaka 1519 Hernán Cortés na askari wake wa Hispania walikuwa wakipanda kuelekea Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, wakauona Popocatépetl ukifuka. Mlima ulikuwa na jina lake tayari, na jina lenyewe ndilo maelezo: kwa Kinahuatl maana yake ni mlima unaofuka moshi. Diego de Ordaz akapanda kuelekea kileleni, na baadaye Kaisari Karl wa Tano, mfalme wa Hispania, akampa nembo yenye picha ya mlima huo. Baada ya mji kutekwa, baruti ilipopungua, Wahispania walipanda tena kuchukua kiberiti ndani ya kasoko. Neno walilokuwa nalo mdomoni, lililozunguka kati ya mabaharia wa Mediterania na wa Ureno, lilikuwa volcán. Huko Amerika, kuanzia Meksiko kushuka hadi Chile, waliikuta milima ya aina hiyo kwa makumi. Wakaibandika volcán yote.

Ukitaka kujua siku ambayo mungu alitoka kabisa ndani ya neno, nenda Guatemala. Kuna mlima uliozimika, na mwaka 1541 poromoko la maji na tope kutoka ubavuni mwake lilifunika mji mkuu wa Wahispania. Wakauita Volcán de Agua, Volkano ya Maji. Soma tena: jina la mungu wa moto limeongezewa maji, na hakuna aliyeona ajabu. Jirani yake unaowaka mpaka leo ukaitwa Volcán de Fuego, Volkano ya Moto, kwa sababu neno peke yake halikutosha tena kusema moto. Kuhani wa Vulcanus angesikia hayo angeomba maji ya kunywa.

Kuanzia hapo safari ni ya kawaida. Kifaransa volcan, Kijerumani Vulkan, Kirusi vulkan. Kiingereza kilikuwa nalo kufikia miaka ya 1610. Si lugha zote zilikubali. Kichina husema huoshan, mlima wa moto, na Waaislandi, ambao wanakalia milima hiyo, husema eldfjall, mlima wa moto vilevile. Wagiriki wa leo wamekataa mungu wa Warumi wakachukua wa kwao: ifestio, kutoka kwa Hephaistos. Neno ninalolipenda kuliko yote ni la Kiamhari, isate gemora, moto wa Gomora. Waethiopia hawakuchukua mungu wa Kirumi wala wa Kigiriki. Walikumbuka Kitabu cha Mwanzo.

Kwetu neno lilikuja na ubao wa shule, kupitia Kiingereza, na ushahidi tunao mdomoni. Tuna maumbo mawili, volkano na volkeno. Volkano ni neno la macho: mtu amelisoma lilivyoandikwa na kulitamka Kiswahili. Volkeno ni neno la sikio: Mwingereza hutamka silabi ya katikati kama "kei", na sikio letu hugeuza sauti hiyo kuwa "e", kama tulivyoifanya radio kuwa redio na kuitoa keki kwenye sauti hiyohiyo. Yote mawili ni halali. Mimi huandika volkano kwa sababu ndiyo ninayoisikia zaidi, wala sitamsahihisha anayeandika volkeno.

Ukienda Goma utasikia volcan, ya Kifaransa. Huko si neno la darasani. Mlima Nyiragongo uliingiza lava, mawe yaliyoyeyuka, katikati ya mji Januari 2002, na Mei 2021 ukaja tena ukakomea pembezoni. Kuna mtaa mjini uitwao Les Volcans. Lakini milima yenyewe ilikuwa na neno lake kabla ya Mfaransa na Mbelgiji: ikirunga kwa Kinyarwanda, wingi wake ibirunga, na ndipo tulipopata jina la milima ya Virunga.

Na sisi Tanzania tuna mlima uliofanya kinyume cha Vulcano. Ol Doinyo Lengai, kusini ya ziwa Natron, ni Mlima wa Mungu kwa Kimaasai, na bado ni hivyo: watu huenda kuomba mvua na watoto. Jina halijamwacha mwenyewe. Kwa mwanasayansi nao ni wa pekee, kwani lava yake imejaa sodiamu kaboneti, ndugu wa magadi ya jikoni. Hutoka nyeusi, kwenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava ya kawaida, kisha hewa yenye unyevu huigeuza nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo.

Tufike kwenye banda la Lagos, ambako wewe unajua kuliko mimi.

Mpira mbichi ni mateso. Joto likizidi unanata kama ubani uliotafunwa, baridi ikizidi unapasuka. Mmarekani Charles Goodyear alihangaika nao kwa miaka, akafilisika, akafungwa kwa madeni, hadi mwaka 1839 huko Woburn, Massachusetts, mpira uliochanganywa na kiberiti ulipogusa jiko la moto ukakauka kama ngozi badala ya kuyeyuka. Kiberiti kwenye joto kinafunga nyuzi ndefu za mpira moja na nyingine, kama vifundo vya wavu, hivyo unavutika na kurudi. Uingereza, Thomas Hancock, aliyekuwa ameona vipande vya mpira wa Goodyear vilivyofika huko, aliomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, mwishoni mwa 1843. Goodyear alipata yake Marekani mwezi Juni 1844. Jina la kazi hiyo halikutoka kwa yeyote kati yao. Rafiki wa Hancock, mchoraji na mvumbuzi William Brockedon, ndiye aliyelipendekeza: vulkanaizi. Kuna moto, kuna kiberiti, na vyote viwili ni vya mwenye kile kisiwa.

Kwa hiyo kibao cha Lagos hakikutoka kwenye mlima. Kilitoka kwa mungu moja kwa moja, kwa mlango wa pili, kupitia Brockedon. Volkano na "vulcanizer" ni binamu, hakuna aliyemzaa mwenzake. (Goodyear alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni makubwa. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898 na watu wengine, hakuona senti yake.)

Mafundi wa zamani walibandika kiraka cha mpira mbichi juu ya tundu, wakakibana kwa chuma cha moto mpaka kikaiva na kuwa kitu kimoja na tyubu. Hiyo ndiyo vulkanaizi yenyewe, Woburn ndogo kando ya barabara. Nigeria na Ghana wakamwita fundi kwa jina la kazi hiyo, na katika nchi kadhaa za Afrika Magharibi zinazosema Kifaransa utakuta vulcanisateur. Leo wengi wao hupaka solushen kama wewe, moto hawaugusi, lakini kibao kimebaki. Sisi tulishika upande wa ugonjwa: pancha ni tundu, fundi pancha ni mtu wa matundu. Wao walishika upande wa dawa.

Tena kuna jambo lililonifurahisha nilipokuwa naliandika hili. Kiberiti chetu ni kibrit ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni yale madini ya njano. Bado tunaita kiberiti upele kile cha kutibu ngozi. Njiti za moto zilipokuja zikiwa na kiberiti kichwani, jina likahamia kwenye boksi zima. Kwa hiyo ukiwasha jiko kwa kiberiti asubuhi, Vulcanus hukumtaja, lakini umeshika mali yake.

Sasa bibi. Mpe salamu zangu, na shikamoo yake tafadhali. Kama kutaja ni dhambi au si dhambi hilo ni la masheikh, mimi ni mtu wa maneno tu. Ninachoweza kumwambia ni kwamba akianza kufukuza atakuwa na kazi kubwa. Januari ni ya Janus, mungu wa milango mwenye nyuso mbili. Machi ni ya Mars, mungu wa vita. Amonia iliyo ndani ya mbolea ya mahindi yake inatoka kwa mungu Amun wa Wamisri, aliyekuwa na hekalu katika oasisi ya Siwa. Chumvi ya upande ule ilipewa jina lake, na mwaka 1782 mwanakemia wa Sweden Torbern Bergman akaliazima jina hilo kwa ajili ya gesi.

Kuna tulikonusurika bila kujitahidi. Mwingereza akitaja siku ya Alhamisi anamtaja mungu Thor, akitaja Jumatano anamtaja mungu Woden. Sisi, ukiacha Ijumaa, tunahesabu tu, mosi, pili, tatu. Ile madini ya majimaji ndani ya kipimajoto yeye huiita kwa jina la mungu Mercurius, sisi twasema zebaki, tuliyoipata kwa Waarabu.

Bibi akitaka neno safi, "mlima wa moto" lipo, ni la kwetu, na kila mtu atamwelewa. Burkani haitamsaidia. Ni Vulcanus yuleyule, ila amevaa kanzu. Hilo mwachie shemeji alieleze mwenyewe.